Zagorka na Upepo wa Shingoni

Usije ukamwambia Zagorka Stamenković atulie. Mji mzima wa Leskovac unalijua hilo. Ukimwambia "tulia, dada," ndipo umemwagia petroli, na utajuta hadi jioni. Wapo wasemao alizaliwa hivyo. Waongo! Hasira yake ina chanzo, na chanzo chenyewe ni mama yake.

Mama yake, Rusanda, alishona ovaroli maisha yake yote katika kiwanda kilichoko nyuma ya stesheni. Kiangazi kimoja, joto likiwa limejaa chini ya paa la bati, alilaza kichwa juu ya cherehani kama mtu anayepumzika. Wenzake waliendelea kushona kwa muda kabla hawajagundua kwamba Rusanda hapumziki. Zagorka wakati huo alikuwa chuoni, mjini Niš, akisomea umeme. Siku ya mazishi hakutoa chozi. Alimshukia mwenye kiwanda wa enzi zile mbele ya kasisi, mbele ya jeneza, akamtukana hadi wajomba zake wakamshika mikono. Toka siku ile hakupoa tena.

Na kazi aliyoipata, jamani, ni kupoza. Yeye huzifundisha adabu mashine kubwa za kupoza maji, zile za hospitali na viwanda. Mashine ikishafungwa mabomba na nyaya, bado ni kama ng'ombe aliyenunuliwa jana, nguvu anazo lakini zizi halijui. Zagorka huingiza maagizo kwenye kisanduku chake cha kuongozea: amka saa fulani, poza maji hadi digrii saba, ukiona hatari hii jizime. Kisha anaijaribu. Anaikatia umeme makusudi, anaipunguzia maji makusudi, anaidanganya kuwa kuna joto wakati hakuna, aone kama itatii. Kazi hiyo aliifanya na mwenzake mmoja tu, Mzee Stojadin, fundi wa mabomba na sensa, yaani vile vipimo vya ndani ya mabomba, mtu mpole aliyempokea alipotoka chuoni na kumvumilia miaka yote hiyo. Kampuni ilikuwa yao wawili.

Kwa hiyo kiwanda cha nyuma ya stesheni kilipokubali kununua mashine ya kupoza, Zagorka hakuiona kuwa ni kazi. Aliiona kuwa ni kesi ya mama yake.

Na msidhani kilikubali kwa hiari. Mwaka uliotangulia washonaji wawili walizirai siku moja. Wenzao wakaweka mikasi chini, wakatoka hadi barabarani, na mkaguzi wa kazi akaja. Mbele ya mkaguzi, mwenye kiwanda wa sasa, Bwana Gradimir, aliahidi mashine. Lakini mjanja yule akapenyeza na masharti. Mashine itajaribiwa mara tatu, kutwa nzima kila mara, washonaji wakiwa kazini. Ikijizima yenyewe mara zote tatu, inang'olewa. Au washonaji wenyewe wakionyesha hawaitaki, inang'olewa vilevile. Tena mnunuzi alikuwa ameshampata, jamaa mmoja wa kiwanda cha kugandishia matunda ya rasiberi aliyekuwa akipiga simu kila siku kuuliza, "Vipi, imeshindwa?"

Jumanne ilijizima. Alhamisi ikajizima tena. Ijumaa ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho. Ikishindwa, wale akina mama wataimaliza Julai na Agosti chini ya bati lile lile lililomla Rusanda.

Mashine yenyewe ilikaa nje, nyuma ya jengo, ukubwa wake kama basi. Ilipoza maji kwa kompresa mbili, zile injini za kubana gesi, na pampu ikayasukuma hadi ukumbini, kwenye masanduku ya feni yaliyoning'inia darini. Feni zikapuliza ubaridi wa yale maji juu ya washonaji. Kila sanduku lilikuwa na koki ya umeme: pakipoa inajifunga, pakipata joto inajifungua. Hatari ni hii. Koki zote zikijifunga kwa pamoja, maji hukosa pa kupita, yanasimama ndani ya mashine, yanaganda, na barafu inapasua mabomba. Ndiyo maana kuna sensa ya mtiririko. Maji yakipungua, sensa inapiga kelele na mashine inajizima. Wapo mafundi ambao wangeunganisha tu nyaya mbili za sensa, ikanyamaza, mashine ikakimbia kwa raha hadi jioni na kupasuka Jumapili watu wakiwa kanisani. Zagorka angekata mkono wake kwanza.

Ijumaa asubuhi aliketi na kompyuta yake katika kibanda cha vioo cha msimamizi, kisicho na paa, kilichokuwa pembeni mwa ukumbi, mlango ukiwa wazi. Mzee Stojadin alikuwa nje kwenye mashine, wakizungumza kwa redio za mkononi.

"Digrii saba kamili," Zagorka akasema. "Kompresa ya pili imeingia?"

"Imeingia. Inaimba kama binti harusini."

"Usiniletee harusi. Niambie mtiririko."

"Mzuri, mwanangu. Mzuri sana."

Na kweli, ukumbi ukaanza kupoa. Wiki hiyo ndiyo ya kwanza migongo ya wale akina mama kukauka mwezi Julai. Baadhi walijifunga leso shingoni, mmoja akatoa kofia ya sufu kwenye mkoba, lakini cherehani zilikimbia na mtu hakuzirai. Zagorka aliwaangalia kupitia kioo, na kwa muda mfupi uso wake ulilegea.

Kisha koki zikaanza kujifunga, moja baada ya nyingine, maana ukumbi ulishapoa. Hilo lilikuwa jambo la kawaida, alilipanga mwenyewe. Ila kwenye kioo cha kompyuta mtiririko ukaanza kushuka. Ukashuka tena. Kelele zikalia nje, mashine ikatoa mguno mmoja, ikazima.

Kikombe cha kahawa kiliruka kikapasukia ukutani. Zagorka akatoka mbio hadi nje, akamkuta Mzee Stojadin amepiga magoti, amefungua chujio la maji, analimulika kwa tochi.

"Nilidhani kuna uchafu umeziba," mzee akasema. "Lakini ni safi."

"Safi! Mara ya tatu hii unaniambia safi! Hiyo sensa umeifunga wewe, Stojadin. Wewe! Umeifunga vibaya, ndiyo maana inatudanganya."

"Haidanganyi. Inasema maji hayapiti, basi hayapiti. Tuanze huku tufuate bomba hadi mwisho, taratibu—"

"Taratibu! Mimi sina taratibu, nina hadi kengele ya kutoka!" Washonaji walikuwa wameshajazana madirishani, na wapakiaji wa lori nao wamesimama, lakini yeye hakujali. "Umezeeka, mzee wangu. Mikono inakutetemeka, macho huoni, na mimi mpumbavu nakubeba kwa huruma. Kampuni nzima naibeba mgongoni na wewe juu yake! Nenda nyumbani ukapande pilipili. Nenda!"

Mzee Stojadin alifunga chujio, akakaza skrubu zote, hakuacha hata moja. Akaiweka redio juu ya mashine, akachukua mkoba wake, akaondoka. Hata wapakiaji waliangalia chini.

Akatokea Bwana Gradimir, shati jeupe, nywele zimechanwa vizuri. "Basi, mhandisi," akasema. "Tatu."

"Sharti linasema ikijizima yenyewe," Zagorka akamjibu. "Nitakuonyesha haikujizima yenyewe. Kuna mkono wa mtu hapa."

"Mkono wa nani?"

"Nitakuletea huo mkono."

"Una hadi kengele ya kutoka," Gradimir akasema, akiangalia simu yake. Alishaanza kumwandikia mtu wa rasiberi.

Zagorka akarudi ukumbini, akapanda juu ya meza ya kukatia vitambaa na viatu vyake vichafu. "Sikilizeni! Nani amefunga koki?"

Cherehani zikanyamaza. Akainuka Vidojka, mshonaji mkongwe na kiongozi wa chama chao, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita mifugo. Enzi zile cherehani yake ilikuwa jirani na ya Rusanda.

"Koki gani, mwanangu?"

"Msijifanye hamjui! Nawajua nyinyi, nimezaliwa kwenu. Mnaogopa promaja! Upepo ukipita kati ya mlango na dirisha mnaona kifo kimeingia. Mara figo, mara masikio, mara mdomo utapinda!"

"Stana wetu si alipinda mdomo?" akasema mmoja kutoka nyuma. "Kwenye treni, dirisha likiwa wazi."

"Stana alipinda mdomo kwa umbea!"

Watu wakacheka, na Stana mwenyewe, aliyekuwa mstari wa tatu, akamtupia kidonge cha uzi. Zagorka hakucheka. "Nimewapigania! Nimelala kwenye hii mashine wiki nzima! Promaja haijamzika mtu yeyote duniani. Joto ndilo limemzika mama yangu, pale, kwenye cherehani ile, na wewe Vidojka ulikuwepo!"

Vidojka akaja hadi chini ya meza. Uso ulikuwa umemwiva. "Usinitajie Rusanda kwa kunifokea," akasema. "Mimi ndiye niliyemfumba macho, si wewe. Leta ngazi. Panda ukaangalie kila sanduku. Ukikuta koki hata moja iliyofungwa na mikono yetu, nitaibeba hiyo mashine yako mgongoni hadi kwa mtu wa rasiberi."

Ngazi ikaletwa. Mbali na koki ya umeme, kila sanduku lilikuwa na koki ya mkono, yenye mpini mwekundu, ya kufungia maji wakati wa matengenezo. Mpini ukilala sambamba na bomba, maji yanapita. Ukikingama, yamefungwa. Zagorka akapanda la kwanza: sambamba. La pili: sambamba. Akahamisha ngazi, akapanda, akashuka, akahamisha tena, na kila aliposhuka alikuwa mbogo zaidi, kwa sababu hakuna kitu kinachomtia mtu hasira kama kutafuta mwizi na kukuta kila kitu kipo.

Likabaki sanduku moja, la pembeni kabisa, juu ya kile kibanda cha vioo, lililoning'inia chini kuliko mengine. Hilo lilikuwa tofauti na mengine, na aliyelifanya liwe tofauti ni Zagorka mwenyewe. Lilikuwa mwisho wa bomba, na halikuwekewa koki ya umeme. Njia yake ilitakiwa kubaki wazi daima, ili mengine yote yakijifunga, maji yapate pa kuzungukia na mashine isife.

Mpini mwekundu ulikuwa umekingama.

"Ahaa!" akapiga ukelele juu ya ngazi. "Ahaa! Mnaona? Mnaona? Nani huyu?"

Mahali fulani mtu akaguna, kama anayezuia kicheko.

"Nataka jina!"

"Unalitaka kweli?" Vidojka akauliza.

"Nataka jina, Vidojka, au nitawataja nyote!"

"Zagorka."

"Nakusikiliza! Sema!"

"Nimeshasema."

Vidojka akaendelea, sasa kwa sauti ya kawaida. "Jumatatu, mlipokuwa mnaiwasha mara ya kwanza, uliingia kutoka juani, umelowa jasho hadi kiunoni. Ukakaa hapo, feni inakupiga kisogoni. Ulikuwa kwenye simu unamtukana mtu wa nyaya. Ukapanda kiti, ukaifunga hiyo koki, ukashuka, hata tusi hukulikatiza. Ukumbi mzima ulikuona."

"Mkanyamaza! Mashine inazima mara tatu, nyinyi kimya!"

"Sisi tutajuaje kwamba ni hiyo? Mtu ana jasho, upepo wa baridi unampiga shingoni, anaufunga. Hapo kuna cha kuzungumza? Hata mimi ningefunga."

"Hata mimi," akasema Stana.

"Nyani haoni kundule," akamalizia yule wa kofia ya sufu, na ukumbi ukaangua kicheko hadi vioo vikatikisika.

Zagorka akaurudisha mpini sambamba, akashikilia ngazi. Hakukumbuka kupanda kiti, kweli kabisa hakukumbuka. Lakini kisogo chake kilikumbuka. Ile feni haikuwa imefungwa swichi bado, haikuzimika, na kitu pekee cha kuzuia baridi kilikuwa ule mpini mwekundu. Mkono uliupata wenyewe, kama unavyoupata mlango wa nyumbani gizani. Nani aliyemfundisha? Rusanda. Tangu anatambaa, "Zago, usikae na jasho kwenye upepo. Zago, funga dirisha hilo. Zago, utakufa mwanangu."

Bwana Gradimir alikuwa amesimama mlangoni. Alichelewa kufika, alisikia nusu, na nusu aliyoisikia ilimfaa.

"Kwa hiyo ni koki," akasema. "Imefungwa na mkono wa mtu wa ukumbini. Vizuri. Sharti la pili: washonaji hawaitaki. Na nadhani namfahamu aliyewaongoza." Akamgeukia Vidojka, ambaye yeye Gradimir hakuwa amemsamehe tangu alipowatoa wenzake hadi barabarani. "Mama Vidojka, kusanya vitu vyako. Mashine itaondoka kesho, na wewe utatangulia."

Sasa angalieni. Njia zilikuwa wazi mbele ya Zagorka. Angenyamaza, Vidojka angeondoka na mashine ingeondoka. Angesema ni sensa, angemtwisha Stojadin, ambaye kila mtu alishamsikia akitukanwa kwa kosa hilo, na mashine ingeondoka vilevile. Njia ya kuibakiza ilikuwa moja tu, na ilipita juu ya uso wake.

"Ni mimi," akasema.

"Nini?"

"Koki nimeifunga mimi, kiziwi wee! Mimi!"

Gradimir akatabasamu bila kuamini. "Wewe, mhandisi? Kwa nini?"

Midomo ya Zagorka ilikataa. Ikabidi ailazimishe. "Kwa sababu upepo ulinipiga shingoni! Nilikuwa na jasho! Umeridhika? Andika! Mwite na mwandishi wa gazeti!"

Safari hii hakuna aliyecheka. Vidojka aliweka mkono kiunoni. "Bwana Gradimir, sharti linasema mashine ijizime yenyewe. Hii imezimwa na mhandisi, mara zote tatu. Majaribio hayo hayahesabiki. Utampigia mkaguzi wewe, au nimpigie mimi?"

Gradimir akairudisha simu mfukoni. "Jumatatu," akasema mwishowe. "Jaribio moja. Lakini huyu mwendawazimu asikanyage humu ndani. Akikanyaga, basi."

Aliyebaki wa kuiendesha ni Mzee Stojadin peke yake. Zagorka alimpigia simu Ijumaa jioni, hakupokea. Jumamosi, hakupokea. Vidojka alipompigia alipokea mara moja, akasema atakuja, kwa ajili ya akina mama wale.

Jumatatu Zagorka alisimama nje ya geti kutoka asubuhi, jua likimchoma utosi, akiwa na kipande cha bureki, andazi la jibini, mkononi ambacho hakukila. Alisikia mashine ikianza. Alisikia kompresa ya pili ikiingia. Mida ile ya koki kujifunga alishika nondo za geti akaanza kutukana chini kwa chini, akimtukana Gradimir, sensa, jua, na zaidi ya wote Zagorka binti Rusanda, aliyewaita watu wajinga kwa ujinga alioubeba mwenyewe. Mngurumo haukukatika. Mlinzi alimletea kiti, akamfokea, mlinzi akarudi na kiti chake.

Kengele ya kutoka ikalia. Akina mama wakatoka, na ungewaona ungedhani ni Januari: sweta, makoti, mitandio, soksi za sufu ndani ya kandambili, kwenye lami inayoyeyuka.

"Muuaji huyo!" Vidojka akapaza sauti alipomwona. "Umetugandisha! Baridi kama kwenye ghala la kabichi! Kesho siwezi kugeuza shingo!"

"Haikuzima?"

"Haikuzima, shetani lile, hata tulipoliomba!"

"Ilikimbia kutwa nzima?"

"Kutwa nzima! Gradimir amejifungia ofisini. Mtu wa rasiberi kamtukana kwenye simu hadi tumemsikia sisi."

Nyuma ya akina mama likaja gari dogo la Mzee Stojadin, polepole, likisubiri wapishe. Zagorka akajitupa mbele yake, akapiga boneti kwa kiganja. Mzee akashusha kioo.

"Stojadin. Nilikosa."

"Sikusikii, injini inanguruma."

"NILIKOSA! Mikono yako haitetemeki! Yangu ndiyo haina akili! Sensa uliifunga vizuri, kila kitu ulifunga vizuri, na mimi nilikutukana mbele ya watu kama mbwa! Nisamehe, mzee mkaidi wee! Nisamehe, nasema!"

Akina mama wote walisimama na mitandio yao. Hakuna aliyewahi kumsikia Zagorka akiomba radhi, na kumbe aliomba kama anayegombana.

Mzee Stojadin alimtazama bila chuki. "Nilishakusamehe Ijumaa ile ile, kabla sijafika nyumbani," akasema. "Mashine ni nzuri, umeipanga vizuri sana. Ila kazi, mwanangu, tafuta mwenzako mwingine. Mimi nimechoka kufokewa."

Akasubiri atoke mbele ya gari. Alipotoka, akaondoka taratibu kuelekea mjini.

Zagorka akapiga hatua mbili za kulifuata. Vidojka akamdaka mkono. "Mwache," akasema. "Mwache aende." Zagorka akauchomoa mkono wake kwa nguvu, akasimama hivyo katikati ya barabara, kisha akaurudisha mwenyewe mkononi mwa Vidojka.